Chozi hatulii kwenye mche mmoja: nilivyopanda Leonotis

Mkuu, umesema Leonotis yako, ule mmea wa maua ya rangi ya chungwa, imechanua vizuri lakini chozi, yule ndege mdogo mnyonya nekta, anaonja na kuondoka. Niko Arusha, upande wa Mlima Meru, na yalinikuta hayohayo misimu miwili. Mche wako hauna tatizo, ila mmoja ni mchache mno.

Tazama yale maduara ya maua kwenye shina la pembe nne: kila moja hufungua maua machache kwa siku, na kila ua lina nekta kidogo sana. Chozi anaishi kwa hesabu. Mwaka 1975 watafiti Gill na Wolf walichapisha utafiti wao wa karibu na Ziwa Naivasha kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Eneo alilolinda liliweza kuwa kubwa au dogo, lakini maua ya Leonotis ndani yake yalikuwa takriban 1,600. Wao walitazama aina ile ya msimu mmoja. Yangu ni ya kichaka, inayodumu. Niliposoma hayo niliacha kutawanya miche uani.

Subiri maduara yakauke, vaa glavu maana yanachoma, kisha yakung'ute juu ya gazeti upate mbegu. Nilisia kwenye viriba, masika yalipoanza nikahamishia miche 15 mahali pamoja, hatua moja moja, penye jua la kutwa. Kivulini inarefuka na kulala. Samadi usizidishe, mche wangu wa kwanza niliushibisha, ukatoa majani tu. Maua yakiisha pogoa hadi usawa wa goti, la sivyo inabaki miti mitupu chini.

Tafadhali usipulizie dawa. Makinda ya chozi hulishwa wadudu na buibui, na kiota chenyewe hufungwa kwa utando wa buibui.

Msimu wa tatu alikuja dume mwenye mkia mrefu, mweusi akiwa kivulini, rangi ya shaba akigeukia jua. Kila akichomeka mdomo, paji la uso linagusa chavua iliyo juu ya ua, na kufikia saa mbili asubuhi alikuwa na doa la unga kichwani. Chozi wadogo wakisogea anawafukuza hadi kwa jirani. Nilichelewa kazini siku ile.

Uko mkoa gani? Mbegu za mwaka huu ninazo kwenye bahasha, nitakugawia.