Usiwalete konokono tangini kabla mwani haujaota

Tangi langu la kwanza la maji chumvi lilikuwa la lita 120, nimeliweka sebuleni kwetu Tabata, mbali na dirisha. Wiki ya tatu tu tangu nilijaze maji, nilileta konokono ishirini na kaa kumi, wale wadogo wanaovaa magamba ya konokono. Muuzaji aliniambia hicho ndicho kikosi cha usafi, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo tangi linavyong'aa. Siku nne za mwanzo kioo kilimeta kweli. Siku ya tisa, nilipofunua mfuniko asubuhi, nilipokewa na harufu ya ndoo ya dagaa iliyosahaulika juani. Nikamwinua konokono mmoja aliyelala chali kwenye mchanga, nyama ikachuruzika kutoka ndani ya gamba kama ute wa bamia. Nilipima amonia, rangi ya kipimo ikapanda hadi kijani cha jani. Hadi Jumapili walikuwa wamebaki konokono sita.

Kosa halikuwa maji wala mwanga. Niliwaalika wageni ishirini kwenye nyumba isiyo na chakula. Konokono anayekula mwani hana cha kula kwenye tangi la wiki tatu. Utando mwembamba wa kahawia uliokuwepo waliumaliza kwa siku nne, kisha wakaanza kufa njaa. Aliyekufa akaoza, uozo ukatoa amonia, amonia ikamuua wa pili. Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, ushauri wangu mkubwa ni huu: subiri mwani uonekane kwa macho, kisha lete wachache, na kila mmoja awe na kazi unayoweza kuitaja.

Kusubiri kuna ngazi zake. Kwanza bakteria wajenge makao kwenye mawe na mchanga, wale wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na wenzao wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti. Hilo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, tangi limeiva kupokea viumbe. Karibu na wakati huo utaona vumbi la kahawia likitanda mchangani na kwenye kioo. Hao ni daitomu, mwani mdogo mno unaojengwa kwa madini ya silika, na karibu kila tangi jipya hupita hapo. Usihangaike wala usimwage dawa. Baada ya hapo hufuata kijani, kwanza madoa kwenye kioo, halafu manyoya kwenye mawe. Kijani kikianza kushika, ndipo unapotoka nyumbani kwenda dukani.

Nani basi uanze naye? Mimi sasa naanza na konokono aitwaye Trochus. Gamba lake limechongoka kama pia ya watoto, lina mistari, na mguu wake mpana unashika kioo barabara. Namsifu kwa jambo moja ambalo wengi hawalitazami: akianguka chali anaweza kujigeuza mwenyewe. Konokono mwingine, Turbo, ana nguvu kuliko yeye na anafyeka mwani mrefu kama ng'ombe malishoni, lakini ni mzito, anasukuma mawe yasiyokaa sawa, na wengi wao wakiangukia mchangani usiku hubaki hapo hapo mpaka asubuhi. Wawili kati ya wale wa kwanza nilipoteza hivyo, nikawakuta wamezungukwa na kaa. Ukimleta Turbo, basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mpitie macho, aliyepinduka mgeuze.

Kwa mchangani nina wawili. Cerithium, mwenye gamba refu jembamba kama parafujo, hutembea usiku, anakula utando wa mchangani na kwenye pembe za kioo ambazo Trochus hafiki. Wa pili ni Nassarius, na huyu ndiye anayewafurahisha wageni nyumbani. Mchana kutwa humuoni. Anajifukia, kinabaki kimkonga chembamba kimesimama juu ya mchanga kama mrija wa soda. Dondosha kipande cha nyama ya kamba ukubwa wa punje ya mchele, hesabu mpaka kumi au kumi na tano, utaona mchanga unapasuka hapa na pale na wote wanatoka mbio kuelekea kwenye harufu. Hali mwani, tusidanganyane. Kazi yake ni mabaki ya chakula na mizoga, na kwa kujifukia kwake mchanga unachambuliwa. Tangi lisilo na samaki halimhitaji bado.

Kaa wanaovaa magamba wanauzwa kwa wingi kwa sababu wanapendeza kuwaangalia. Wanakula mwani na mabaki, sikatai. Ila kaa huyo anakua, na gamba halikui pamoja naye. Akikosa nyumba kubwa zaidi, atamtoa konokono wako ndani ya gamba lake na kuhamia yeye. Mimi nimebaki na wawili tu, na nimewawekea magamba matupu sita ya ukubwa tofauti pembeni mwa jiwe. Magamba hayo yachemshe kwanza, na kabla ya kuyachemsha yaweke kwenye sahani yenye maji kidogo, uyaache nusu saa, usije ukamchemsha kiumbe aliyejificha ndani.

Wapo ambao kwa tangi jipya nasema hapana. Kiti cha pweza anayechimba mchanga humaliza vijidudu vyote vya mchangani kwenye tangi dogo, halafu anakonda taratibu miezi kadhaa mpaka anakatikakatika. Jongoo bahari naye, baadhi ya aina zake zikidhurika au kufa ndani ya tangi hutoa sumu inayoweza kuua samaki wote. Achana nao.

Sasa nije kwenye swali ninaloulizwa kila mara hapa Dar: kwa nini ninunue wakati bahari ipo pale? Nilikuwa na mawazo hayo hayo. Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa mbali, nilikuwa Kunduchi na ndoo yangu naokota. Mzee mmoja mvuvi akanisogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe ulichookota." Akachungulia ndoo, akanishika mkono. "Huyu mrudishe. Usimshike kwa vidole, tumia kijiti."

Alikuwa konokono wa gamba zuri la madoa, pana upande mmoja na limechongoka upande mwingine mithili ya koni ya aiskrimu. Jamaa zake hao wana mwiba mfano wa mshale unaochoma na kutia sumu, na aina moja kubwa inayopatikana katika Bahari ya Hindi imewahi kuua watu. Ningemweka mkononi mwa mtoto wangu aone uzuri wake. Tangu siku ile siokoti nisichokijua. Pia elewa kwamba visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo ya hifadhi ya bahari tangu 1975. Ukienda kuogelea Mbudya, konokono na magamba yake waache walipo. Si mali ya tangi lako.

Iwe umenunua au umepewa na mwenzako, njia ya kumwingiza ndiyo inayoamua kama ataishi. Konokono, kamba na kaa wa baharini, miili yao huenda na chumvi ya maji yanayowazunguka kuliko samaki. Samaki ana namna ya kujirekebisha, konokono hana uwezo huo, kwa hiyo chumvi ikipanda au kushuka ghafla anaumia kwanza yeye. Nenda duka la dawa ununue mpira wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza matone. Mweke konokono kwenye bakuli na maji aliyokuja nayo, ning'iniza mpira kutoka tangini, matone mawili au matatu kwa sekunde, kwa saa nzima au zaidi. Maji ya bakuli yamwage, usiyatie tangini.

Tangi lenyewe lisome kati ya 1.024 na 1.026 kwenye refraktomita, kifaa cha kupima chumvi ya maji. Joto letu hukausha maji haraka, na kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Nikiweka feni juu ya tangi mwezi wa Januari, naongeza maji yasiyo na chumvi kila siku, kidogo kidogo. Usiongeze maji ya chumvi kufidia yaliyopaa. Na kama unachota maji baharini, wakati wa masika pima kabla ya kumimina. Aprili moja nilichota upande usio mbali na mto Msimbazi, kipimo kikasoma 1.019.

Jambo lingine linaloua kimyakimya ni shaba. Dawa nyingi za vimelea vya samaki zina shaba ndani, na shaba haipatani kabisa na konokono wala kamba. Samaki akiumwa, mtibu kwenye ndoo ya pembeni. Ukinunua tangi kuukuu, muulize mwenyewe alitibu nini ndani yake, maana shaba hunywewa na mawe na mchanga na huendelea kutoka baadaye.

Umeme nao ukikatika usiku wa joto, hewa ndani ya maji hupungua na utawaona konokono wote wamepanda hadi ukingoni juu. Pampu ndogo ya hewa ya betri imeniokoa mara nyingi, nami huiweka juu ya kabati palepale.

Idadi? Mtandaoni utakuta kanuni ya konokono mmoja kwa kila galoni, yaani karibu lita nne. Kwa tangi langu hiyo ingekuwa thelathini na kitu. Nilianza upya na Trochus watatu na Cerithium wawili. Baada ya mwezi mwani bado ulikuwa unawashinda, nikaongeza Trochus wawili. Nassarius watatu walikuja baada ya samaki. Leo ni mwaka wa tatu na kioo nakikwangua mwenyewe mara moja kwa wiki, kwa sababu konokono haondoi kila kitu. Mwani ukipungua sana, nafunga kipande cha nori, mwani wa kuliwa uliokaushwa, kwa kijiwe, nakizamisha jioni.

Waingize jioni, taa ya tangi ikiwa imezimwa. Mshike konokono kwa gamba, mguu wake uelekee kwenye kioo karibu na mchanga, msubiri mpaka ashike ndipo umwachie. Kesho asubuhi wahesabu. Asiyesogea kwa siku mbili mtoe, mnuse. Akinuka mtupe nje, asiponuka mrudishe ukimwelekeza kwenye jiwe lenye kijani.