Maswali ya Wasomaji: Grini zimetobolewa, wanachama wamechachamaa

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya uwanja katika klabu moja ya gofu ya mwambao wa Kenya. Hivi karibuni msimamizi wetu alitoboa grini zote, yaani zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo la kuingizia mpira, na kuzimwagia mchanga, na tangu hapo simu yangu haitulii. Wanachama wanasema mpira unarukaruka, wengine wanadai warudishiwe ada, wengine wanatulinganisha na Augusta, uwanja maarufu wa gofu wa Marekani wanaouona kwenye televisheni, na mzee mmoja anayeheshimika ameandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba tunauharibu uwanja kwa makusudi. Nusu ya kamati inataka kazi hii isirudiwe. Je, ni ya lazima kweli? Na tuwajibu nini wanachama?

JIBU: Ndugu Katibu, kazi hiyo ni ya lazima, na mkiiacha kwa kuogopa lawama za wiki chache mtakuja kuzipoteza grini zenyewe. Grini hukanyagwa kila siku na wachezaji, kedi (wanaowabebea wachezaji vifaa) na mashine za kukatia nyasi, hadi udongo ukashindiliwa na maji na hewa vikakosa njia. Juu yake hujilimbikiza mabaki ya mashina na mizizi iliyokufa, yakawa tabaka laini kama godoro, linaloshika maji na kukaribisha kuvu. Ukoka wa aina ya bermuda unaokatwa hadi milimita 3 au 4 hauna jani la kutosha kustahimili hali hiyo, kwa hiyo uhai wake wote unategemea mizizi. Kutoboa kunaondoa sehemu ya tabaka hilo, na mchanga unaojaza matundu unayaacha wazi kwa maji na hewa. Nyasi ikiwa katika msimu wake wa kukua, na ikipata maji na mbolea, matundu huziba kwa wiki mbili au tatu hivi.

Hata hivyo, barua yako haitaji popote kwamba wanachama walijulishwa mapema, na kama hawakujulishwa, basi hasira yao ni ya haki. Mtu aliyemwalika mgeni Jumamosi akakuta mchanga kila grini amevunjiwa heshima mbele ya mgeni wake. Tarehe za kutoboa zitangazwe mwanzoni mwa mwaka, pamoja na ratiba ya mashindano, na pasiwe na shindano kubwa katika mwezi unaofuata.

Mzee yule usimjibu kwenye kundi. Mpigie simu, umwombe kwa heshima afike asubuhi wakati mtunza uwanja anapohamisha shimo, maana donge linalotolewa, lenye upana wa milimita 108, linaonyesha kila kitu. Lipasueni kwa kisu mbele yake. Mizizi ikiishia sentimita 3 na chini yake pakawa na mstari mweusi wenye harufu ya uozo, ataelewa bila hotuba, na maneno yake kwa wenzake yatakuwa na uzito kuliko tangazo lolote la kamati.

Malalamiko mengine yaandikwe daftarini: tarehe, saa, namba ya grini na kilichoonekana. Ninalisisitiza hili kwa sababu watunza uwanja hufanya kazi alfajiri, ilhali wanachama wengi hucheza alasiri, na huona mambo ambayo msimamizi hayaoni. Anayesema mpira unarukaruka kote anazungumzia mchanga, na hilo litapita. Anayesema grini ya saba bado ina maji saa sita mchana amewaletea habari ya mfereji ulioziba, naye apelekewe jibu la kilichofanyika. Majibu yatoke kwa mtu mmoja tu, kwani wajumbe wakijibu kila mmoja kivyake, wanachama watashika lile jibu linalowapendeza.

Kuhusu Augusta, waambieni ukweli: uwanja ule hufungwa miezi yote ya kiangazi cha Marekani, kila mwaka. Wenu unachezewa mwaka mzima, kwenye joto na chumvi ya pwani.

Ada ya mwaka hairudishwi kwa sababu ya matengenezo, lakini wageni wa wanachama wapunguziwe malipo hadi msimamizi athibitishe kwamba matundu yameziba.