Kuchagua vipimo vya EIS kwa ajili ya TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo)

Ndugu wa Bukavu, unataka vipimo vya EIS, chombo kinachopambanua mwanga wa Jua kwenye satelaiti ya Hinode, ili upime mwendo wa gesi, ila orodha imekulemea. Sakinisha eispac, programu ya Python ya data za EIS, kwa pip, fungua eis_catalog, dirisha lake la kutafutia vipimo, utafute siku moja au mbili tu. Usichague kwa jina la mpango wa uchunguzi. Bofya rekodi usome maelezo. Tafuta mstari wa mwanga wa chuma Fe XII wenye urefu wa wimbi wa 195.12 Å (angstromu) na mwanya wa kupitishia mwanga wenye upana wa sekunde-tao (kipimo kidogo cha pembe angani) 1 au 2. Ule wa 40 au 266 huchanganya umbo na urefu wa wimbi, kasi haisomeki vizuri.

Pakua faili la .data.h5 pamoja na la .head.h5, moja pekee halitoshi. Mega zikiisha katikati, futa kipande uanze upya.

Kasi ya EIS ni ya kulinganisha tu, si kasi kamili! Mwonyeshe msimamizi wako kabla ya kuiandika.