Maswali ya wasomaji: kyubu, mchanga na nondo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana nasoma diploma ya civil mwaka wa pili hapa Mbeya. Kusema ukweli somo la vifaa vya ujenzi linanichosha, kila wiki namba tu, shindilia mara 35, huku mara 25, subiri siku 28, alafu mwisho tunaponda kyubu tunaandika ripoti basi. Nikirudi mtaani sioni fundi hata mmoja anafanya hayo na nyumba zinasimama. Sasa tunasoma ili iweje? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kitu ambacho wenzako wengi wanakiwaza wakiwa wamekaa kimya nyuma ya darasa, kwahiyo ntakujibu kwa kirefu.

Nyumba zinasimama kweli, tena nyingi, mana nyumba ya vyumba vitatu yenye bati juu haidai mengi kwenye zege lake. Shida inakuja pale fundi yule yule na mazoea yale yale anapopewa ghorofa. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 asubuhi ghorofa iliyokua inajengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar, ilishuka yote chini na watu 36 wakafa. Jengo linaanguka kwa sababu nyingi, msingi, michoro, kuongeza ghorofa juu kwa juu, na mimi sisemi lile lilianguka kwa sababu ya zege. Ila ukishafanya kazi ya maabara huwezi kusikia habari kama ile usijiulize, zege la nguzo zile nani alilipima, na alisimama wapi wakati linamwagwa?

Sasa tuje kwenye namba zako. Boksi la kyubu, kile kipande cha zege cha kupimia nguvu, ni milimita 150 kila upande, unalijaza kwa matabaka matatu na kila tabaka unashindilia mara 35. Kwanini? Hewa. Zege likibaki na hewa asilimia 5 tu ndani yake linapoteza karibu asilimia 30 ya nguvu. Ukitaka kuiona hiyo hewa kwa macho yako fanya hivi wiki ijayo, kabla ya kuponda weka kyubu kwenye mizani. Iliyoshindiliwa vizuri kwa kokoto zetu za kawaida inacheza kwenye kilo 8 na kidogo. Ukikuta moja ina kilo saba na nusu usiiponde kwanza, igeuze uangalie pembeni, utakuta vitundu vimejipanga kama mkate wa kumimina. Hapo umeshajua majibu kabla mashine haijawashwa.

Alafu angalia unavyoiweka kwenye mashine. Ule uso wa juu uliosawazishwa kwa mwiko hauwi juu wala chini, unalazwa pembeni, mana haujanyooka kama pande zilizogusa chuma. Mzigo unapanda taratibu, kama kilonyutoni 13 hivi kwa sekunde, ukiharakisha namba inapanda kwa uongo. Tuseme inapasuka kwenye kilonyutoni 562, yaani nyutoni 562,000, gawa kwa eneo lake milimita za mraba 22,500, unapata kama nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, ndo zege la daraja la 25 hilo. Lakini usiishie kwenye hesabu. 562 ni kama tani 57, barabarani kwetu kikomo cha gari kwenye mizani ni tani 56, kwahiyo ni semitrela zima limejaa mpaka mwisho limesimama juu ya kitu ambacho wewe umekibeba kwa mikono miwili kutoka kwenye pipa la maji. Mimi nmefanya kazi hii miaka mingi na bado napoiona sindano inapanda navuta pumzi. Na ikipasuka isifagiliwe haraka haraka, iangalie, iliyopasuka sawasawa pande nne zinamenyeka na kati inabaki umbo la piramidi mbili zimegusana ncha. Ikichanika kona moja tu ujue ilikaa vibaya au boksi lilikua limepinda, na hiyo namba usiiamini.

Mara 25 ni ya koni ya slampu, ile ya urefu wa milimita 300, nayo matabaka matatu. Pale unapima ulaini wa zege lakini kwa saiti zetu kwa kweli unamkamata mtu aliyeongeza maji. Tangu 1918 Duff Abrams wa Chicago alishaonyesha kwamba nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji, maji yakizidi nguvu inashuka. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25 ni nusu kwa moja, vizuri kabisa. Saidia fundi akichoka kukoroga anaongeza ndoo nusu, zege linakua laini linateleza lenyewe kwenye karai na wote wanafurahi, umeshafika lita 35 na zege ni lingine kabisa. Tena mchanga wenyewe ulinyeshewa usiku, hayo maji nayo yanahesabika.

Siku 28 ni kwasababu saruji haikauki kama nguo, inakunywa maji na kuendelea kukomaa, siku ya 7 inakua imefika kama theluthi mbili ya nguvu yake. Na 28 ni wiki nne kamili, ukimwaga Jumanne unaponda Jumanne.

Sasa nikuambie kitu ambacho hakimo kwenye kitini chako. Nikiwa bado kijana kama wewe nlitumwa saiti moja kuchukua kyubu. Nlichelewa, nikafika nikakuta zimeshajazwa, sita, zimepangwa kivulini nzuri mno, nikazibeba. Siku ya 28 zikaja 38, wakati michoro ilitaka 25 tu. Wote wakapongezana na mimi nikasaini. Baada ya wiki mbili nlirudi pale kwa jambo lingine, nikaegemea nguzo ya ghorofa ya kwanza, nikavuta msumari juu yake na ukachora mstari, vumbi jeupe likadondoka. Nguzo ya zege la 38 haichoriki hivyo. Zile kyubu zilikorogwa peke yake kwenye karai la pembeni na saruji ya kutosha. Nlirudi kwa bosi wangu nikasema, tukaenda kuchoronga nguzo zile kutoa vipande vya kuponda, na mbili zikavunjwa zikamwagwa upya. Maneno nliyotukanwa na mwenye kazi siwezi kuyaandika hapa. Lakini mpaka leo nikipita nikaona watu wanaanika nguo kwenye balkoni za jengo lile roho inatulia.

Kwahiyo mdogo wangu, kinachokuchosha sio somo, ni kwamba mmeonyeshwa nusu yake ya mwisho. Ukipata fild omba ukae kwenye mixa sio kwenye mashine ya kuponda. Chota mwenyewe kutoka kwenye toroli linaloenda kwenye nguzo, na andika na msumari kwenye zege bichi tarehe na namba ya nguzo yenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Najenga Kibaha, niko hatua ya lenta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi sijui chochote cha ujenzi. Kila trip ya mchanga ikija fundi anasema uko poa, na nondo amenitafutia duka la bei nafuu sana. Naweza kupima kitu mwenyewe bila kwenda maabara? – Mama wawili, Kibaha

JIBU: Hongera dada yangu kwa kufika lenta kwa mshahara wa ualimu, sio mchezo. Na unaweza kupima, vizuri tu.

Mchanga kwanza. Chukua chupa nyeupe iliyonyooka, jaza mchanga mpaka nusu, weka maji yenye chumvi kijiko kimoja, funga utikise kwa nguvu kama dakika moja, alafu iache mezani masaa matatu isiguswe na watoto. Mchanga utakaa chini na udongo utajitenga juu yake kama uji. Pima kwa rula ya darasani. Mchanga ukiwa sentimita 10 na ule uji ukazidi milimita 8, usiupokee mpaka uoshwe au urudi ulikotoka, mana udongo unavaa punje za mchanga kama koti na saruji haishiki. Sasa wewe fanya mapema kwa kachupa ka mfano kutoka machimboni, sio lori limeshamwaga ndo unaanza kugombana na dereva. Na mchanga wa baharini usiukubali hata uwe bure, chumvi yake inakula nondo ndani kwa ndani.

Nondo ndo nataka ukae nayo. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.65. Ya 10 ni kilo 7.4, ya 16 ni karibu 19. Hesabu yake ni kipenyo mara chenyewe gawa kwa 162, unapata kilo za mita moja. Nenda na futi ya kupimia upime urefu kwanza, alafu funga tano pamoja uweke kwenye mizani ya dukani, tano za 12 zije kilo 53. Zikishuka chini ya 51 jua umeuziwa jina. Nondo inayoitwa 12 huku ni 11 inaonekana imepungua kidogo tu lakini chuma chake kimepungua asilimia 16, na hiyo ndo bei nafuu anayokusifia fundi.

Ila mizani haijui ugumu wa chuma. Mwambie fundi akunje moja mbele yako, mgongo wa mkunjo usichanike. Lenta ya nyumba ya chini hiyo inatosha. Siku ukiamua kupandisha ghorofa kata vipande vitatu upeleke vikavutwe mpaka vikatike, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanapima na TBS pale Ubungo pia.

SWALI: Nina mifuko 14 ya saruji niliiweka stoo miezi minne iliyopita, juu ya sakafu. Nitumie? – Tanga

JIBU: Kaka, na unyevu wa Tanga huo kwenye nguzo au lenta usitumie. Fungua mmoja mmoja, bonge likivunjika kwa vidole chekecha uitumie kwa kupachika vigae au plasta ya ukuta wa choo cha nje, bonge linalotaka nyundo tupa. Hata isiyo na mabonge kwa miezi mitatu tu inaweza kupoteza kama asilimia 20 ya nguvu yake. Mipya ukinunua iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itoke kwanza.