Jina Langu ni la Nne: Niandike Nini Katika Maombi ya Udaktari?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma shahada ya biolojia Minnesota, Marekani, na ninajiandaa kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Nimefanya kazi katika maabara ya utafiti, na makala moja imekwisha kuchapishwa, jina langu likiwa la nne. Ya pili imetumwa kwenye jarida na bado haijajibiwa. Katika ya tatu nimetajwa kwenye shukrani tu, ingawa nilipima sampuli nyingi. Mwenzangu ananishauri niziorodheshe zote kama machapisho. Je, ni sawa?

JIBU: Ndugu msomaji, usiufuate ushauri huo, hata kama aliyeutoa anakutakia mema. Chapisho ni kazi iliyokwisha kutoka au iliyokubaliwa rasmi na jarida, na kwa hiyo ni makala yako ya kwanza tu inayostahili kuitwa hivyo. Yaandike majina ya waandishi kwa mpangilio uliochapishwa, bila kulisogeza lako mbele. Nafasi ya nne haikupunguzii heshima, kwa kuwa wanaosoma maombi wanafahamu kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida hujiunga na utafiti ulioanzishwa na wengine. Iwapo makala ina jina la babu yako ilhali fomu ina la baba, jambo la kawaida kwa watu wetu walio ughaibuni, liache kama lilivyochapishwa na ueleze kwa ufupi kuwa ni wewe.

Makala ya pili itaje ndani ya maelezo ya kazi yako ya maabara, ukisema wazi kwamba imetumwa na inasubiri uamuzi. Jina la jarida ningeliacha, maana sifa ya jarida si yako kabla halijakukubali.

Ya tatu ndiyo inayouma, nami ninakuelewa. Hata hivyo, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inamtaka mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri takwimu zake, awe ameiandika makala au kuihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kupima sampuli peke yake hakutoshi. Lakini mwongozo huo huo unasema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe fursa ya kushiriki katika kuandika, kuhakiki na kuidhinisha, na hii ni haki ambayo wanafunzi wetu wengi huona haya kuidai. Kabla makala nyingine haijaanza kuandikwa, mwendee msimamizi wako na umuulize kwa adabu unachopaswa kufanya ili uhesabiwe miongoni mwa waandishi.

Jasho la sampuli zile halijapotea, kwa sababu mahali pake ni katika maelezo ya utafiti. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya tiba vya Marekani, unaruhusu shughuli 15, kila moja kwa herufi 700 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, na shughuli tatu utakazozichagua kuwa na uzito zaidi huongezewa herufi 1,325. Usizimalize kwa kuandika kwamba ulishiriki katika utafiti muhimu. Eleza swali lililokuwa likitafutiwa jibu, ulichofanya kwa mikono yako, kilichokwama na namna ulivyokitatua. Andika yale tu unayoweza kuyafafanua mbele ya msaili anayeifahamu fani hiyo, ukikumbuka kwamba barua ya msimamizi wako itasomwa pamoja na maneno yako.

Ukishawasilisha fomu, sehemu hiyo hairekebishwi tena. Makala ya pili ikikubaliwa baadaye, viandikie vyuo vyenyewe, kwanza ukihakikisha kwamba chuo husika kinapokea taarifa za nyongeza, na uambatishe barua ya jarida ya kuikubali.