Falsafa ya Ufundishaji: Anza na Somo Moja

Mwalimu wa Kiswahili anayeomba uhadhiri katika chuo kikuu cha Marekani mara nyingi hutakiwa kuambatanisha, pamoja na wasifu na barua ya maombi, waraka wa ukurasa mmoja au miwili unaoeleza falsafa yake ya ufundishaji. Kwa wengi wetu tuliosomea Dar es Salaam au Nairobi waraka huo ni mgeni, kwa kuwa nyumbani waajiri hutazama zaidi vyeti, wastani wa alama na machapisho. Nimeuandika kwa ajili ya maombi yangu, na nimesoma rasimu za wenzangu, hasa waliokwenda kufundisha huko kwa mwaka mmoja wa masomo chini ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi na walimu. Ushauri wangu haujabadilika: chagua somo moja ulilolifundisha kweli, lieleze kwa makini, na falsafa yako itoke humo.

Rasimu nyingi huanza na Nyerere na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, au na Paulo Freire, mwanafalsafa wa elimu wa Brazili, kisha hutangaza kwamba mwandishi anamweka mwanafunzi katikati ya ufundishaji. Namheshimu sana Mwalimu, lakini kamati yenye rundo la maombi mezani haiwezi kumtambua mtu kwa imani ambayo kila mwombaji anaidai. Inataka kujua darasani kwako hufanyika nini.

Mimi nilichagua somo la saa. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza huelewa upesi kwamba saa zetu hupishana na za Kiingereza kwa saa sita, akajaza jedwali bila kukosea. Kazi huanza anapopewa tiketi ya basi la Dar es Salaam kwenda Morogoro, linaloondoka saa mbili asubuhi na kufika saa sita mchana, ilhali tiketi imeandikwa 8:00 na 12:00. Huketi amempa mgongo mwenzake anayeigiza mwenyeji wa Morogoro, kana kwamba wanaongea kwa simu, akamweleza mwenyeji huyo aje kumpokea saa ngapi, na mwenyeji huandika anachosikia. Msafiri akisema saa kumi na mbili, mwenyeji atafika stendi wakati wa magharibi. Mwishoni karatasi na tiketi huwekwa pamoja, na wanafunzi wenyewe huona walipopotezana kabla sijasema neno.

Aya moja ya namna hiyo huonyesha kwamba naamini lugha hujifunzwa kwa kuitumia palipo na haja, na kwamba kosa la mwanafunzi humwongoza mwalimu. Tena ile karatasi ni ushahidi wa walichojifunza, jambo ambalo waombaji wengi hulisahau kabisa: wanaeleza walivyofundisha bila kueleza walijuaje kwamba wanafunzi wameelewa. Tangazo likitaja vipimo vya umahiri vya ACTFL, chama cha Marekani cha walimu wa lugha za kigeni, sema somo lako linalenga kiwango gani, usizidishe hapo.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kulisoma mara nyingi zaidi. Katika madarasa ya Kiswahili ya Marekani, anayeanza kabisa anaweza kuketi pamoja na kijana wa familia iliyotoka Kongo au Kenya, ambaye amekisikia Kiswahili nyumbani tangu utotoni lakini hajawahi kukiandika. Ukieleza unavyowafundisha wote wawili katika kipindi kimoja, bila huyu kuchoshwa wala yule kuachwa nyuma, na bila kukidharau Kiswahili cha nyumbani kwao, utakuwa umegusa tatizo ambalo wanakamati waliofundisha lugha wanalijua vizuri.

Chagua somo ambalo bado unazo karatasi zake. Ukiitwa kwenye usaili unaweza kuombwa ufundishe somo la mfano, na si ajabu ukaulizwa kuhusu lile uliloliandika: wanafunzi walikwama wapi, na muhula uliofuata ulilifundisha vipi.