Usiamini Kipimo Kimoja: Iache Waifai Ijipime Usiku na Mchana

Mtu akilalamika kwamba Waifai inasumbua, wengi wetu tunakimbilia tovuti ya kupima kasi. Tunabonyeza kitufe, tunaona namba nzuri, tunamwambia mlalamikaji mtandao uko sawa. Nimefunga na kutunza mitandao ya ndani ya majengo kwa muda wa kutosha kusema kwamba kipimo hicho hakimsaidii yeyote. Kinachanganya Waifai yako na laini ya mtoa huduma, kisha kinaonyesha sekunde chache tu za siku nzima. Matatizo ya Waifai huja na kuondoka, na mara nyingi yanakuja wakati wewe fundi haupo.

Ndiyo maana nashauri upimaji ufanywe na mashine, papo hapo kwenye jengo, bila kumtegemea mtu.

Anza kwa kutenganisha hewa (mawimbi ya Waifai ndani ya jengo) na intaneti. Chukua kompyuta moja, iunganishe na ruta kwa kebo, uwashe iperf3 kama seva. Programu hiyo hupima kasi kati ya vifaa viwili, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kisha weka vipimaji vidogo kwenye vyumba. Mimi natumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Vipimaji vikizungumza na seva hiyo ya ndani, unajua kasi unayoiona ni ya Waifai, haijaguswa na laini ya nje. Angalia tu seva isiwe kikwazo yenyewe: tundu la kebo la Raspberry Pi 3 ya kwanza linaishia megabiti 100 kwa sekunde, wakati toleo la 4 linafika gigabiti moja.

Kipimaji kikae pale watu wanapokaa. Kukiweka juu ya kabati kwa sababu ndipo penye soketi ni kupima Waifai ya kabati. Na kikishawekwa, kisihamishwe, maana hatua moja kando ya ukuta wa zege inatosha kubadilisha matokeo yote.

Skripti ya kupima iendeshwe na cron (programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa ratiba) kila baada ya dakika 15 hivi, lakini kila kipimaji kisubiri kwanza sekunde kadhaa za kubahatisha. Sababu ni kwamba seva ya iperf3 huhudumia kipimo kimoja kwa wakati mmoja. Vikibisha hodi vyote pamoja, kimoja kinapokelewa na vingine vinarudishwa na ujumbe wa hitilafu. Pima pande zote mbili, kupakia na kupakua (chaguo la -R linageuza mwelekeo), na utumie -J ili matokeo yatoke katika muundo wa JSON unaosomeka na programu nyingine. Sekunde 5 zinatosha. Kumbuka kwamba kila kipimo kinakula hewa ileile wanayoitumia watu kufanya kazi zao, kwa hiyo usiwe mchoyo wa subira.

Pamoja na kasi, andika nguvu ya mawimbi, chaneli (sehemu ya masafa inayotumika), na anwani ya redio ya ruta au ya aksesi pointi (kifaa kinachorusha Waifai) iliyokuwa ikikihudumia kifaa. Hiyo ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo inayofichua kifaa kilichong'ang'ania aksesi pointi ya mbali ilhali nyingine iko karibu nacho. Nguvu ya mawimbi husomwa kwa namba hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri zaidi: -67 dBm ndicho kiwango ambacho wengi wetu tunakilenga kwa simu za sauti na video, na ukishafika -80 usitarajie mengi.

Sasa ping, amri inayotuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi. Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko kasi. Iache ipige ruta kila sekunde, mfululizo, hata wakati iperf3 inaendelea. Muda wa milisekunde 3 mtandao ukiwa kimya si habari. Ukipanda hadi mamia mara tu mtu anapoanza kupakia faili kubwa, hapo ndipo kikao cha video kinapokatika, hata kama kasi iliyoandikwa inavutia.

Mfululizo huo huo umewahi kunionyesha kitu ambacho kipimo cha kubonyeza kisingekiona. Kwenye faili la ping kulikuwa na pengo la zaidi ya dakika moja bila jibu lolote, kisha kila kitu kikarudi kama kawaida. Kabla ya pengo chaneli ilikuwa 100. Baada yake, 52. Chaneli hizo za GHz 5 zinatumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada inalazimika kuhama, kisha isikilize chaneli mpya ya aina hiyo kwa sekunde 60 kabla ya kurusha. Nikaihamishia ruta chaneli ya 36, isiyo na sharti hilo, na mapengo yakaisha. Malalamiko ya "inakatika halafu inarudi yenyewe" yalikuwa ya kweli tangu mwanzo.

Ukisoma matokeo, achana na wastani. Vipange vipimo vya juma zima kuanzia kibaya kabisa, uangalie vile asilimia 5 vya mwanzo: hivyo ndivyo watu wanavyovikumbuka. Usifananishe pia kasi ya iperf3 na ile ambayo kifaa kinadai kimeunganishwa nayo. Waifai haisemi na kusikiliza kwa pamoja kwenye chaneli moja, na sehemu ya muda inaenda kwenye kusubiriana, hivyo kupata kama nusu au theluthi mbili ya namba hiyo ni jambo la kawaida.

Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu, kisha ulinganishe saa zilezile za siku zilezile za juma. Jumatatu asubuhi hailingani na Jumapili usiku.

Mwisho ni arifa. Usiweke arifa kwa kila kipimo kibaya, utazizoea na kuzipuuza. Mimi naweka vipimo vitatu vibaya vinavyofuatana kwenye kipimaji kilekile, na ujumbe unaonifikia unataja chumba, chaneli na aksesi pointi, ili nijue pa kuanzia kabla sijainuka.